Tulivyompeleka Absalom Nyumbani

Duka langu la spea za baiskeli lilikuwa Kondele, karibu na njia panda, na ubao wake ulisema WACEKE CYCLE MART kwa rangi nyekundu. Hakuna aliyeniita Waceke. Mwanangu wa kwanza ni Bildad, kwa hiyo kwa Kondele nzima nilikuwa Mama Bildad, hata kwa wazee ambao wangeweza kunizaa. Mimi na mume wangu tulitoka Murang'a kuja Kisumu kutafuta maisha, na kabla sijajua kusalimiana vizuri kwa Kijaluo nilikuwa nimeshajua kuziba pancha.

Nje ya duka nilikuwa na benchi. Nililiweka kwa ajili ya wateja wanaongoja baiskeli zao, na matokeo yake likawa mali ya Absalom, ambaye hakuwa akingoja chochote. Absalom alikuwa karani wa tikiti pale stesheni ya reli. Shati lake lilipigwa pasi mpaka ndani ya ukosi, kalamu tatu mfukoni, na baiskeli yake, blakmamba, ilisuguliwa hata ungeweza kujitazama ndani yake ukanyoa ndevu. Asubuhi aliipanda kuteremka mjini. Jioni aliisukuma kupanda Kondele, akisema anaipumzisha.

Kazi yake ya pili, ambayo aliifanya kwa bidii kuliko ile ya reli, ilikuwa kutusimulia nyumba yake ya Asembo. Nilipoanza kumjua ilikuwa ya matofali, vyumba viwili. Baadaye ikapata mabati ya kijani. Ikapata veranda inayotazama ziwa, halafu tangi la maji ya mvua, halafu chumba cha wageni chenye mlango wake peke yake. Nyumba ile ilinenepa kuliko watoto wake. Kufikia mwaka wa 1987 ilikuwa na vyumba sita, na sisi tuliokodi chumba kimoja kimoja na kupikia mlangoni tulimsikiliza kwa heshima, kwa sababu huwezi kubishana na mtu mwenye veranda.

Yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha mambo ya kwao.

"Mama Bildad," aliniambia siku moja huku akinywa chai yangu, "wewe umetoka Murang'a, hujui hii maneno. Kwetu mwanaume ako na bibi lazima awe na nyumba dala, ndani ya boma ya baba yake. Hapa tauni tunakaa tu kama wageni. Ukikufa kama hujajenga, mwili haiwezi ingia. Watu inasimama nje kwa geti, vijana wanakujengea haraka haraka, ndio uingie uzikwe. Hiyo ni aibu ya namna gani?"

"Aibu kubwa," nikasema.

"Na tena mdogo hawezi jenga kabla ya mkubwa. Mimi ndio kifungua mimba. Nikikosa kujenga, ndugu yangu Walter atangoja mpaka azeeke."

Alisema hayo kwa huruma nyingi, kama mtu anayezungumzia familia ya jirani.

Aliyenifumbua macho ni mke wake, Lornah, ambaye alikuwa na meza ya dagaa wa omena sokoni na hakuwa na desturi ya kupoteza maneno. Nilimpongeza kwa nyumba. Aliacha kupima omena.

"Nyumba gani? Mama Bildad, hata jiko hakuna. Mimi nikienda kuona mama mkwe nalala kwa jirani. Yeye mwenyewe ni mtu mzima, hawezi lala kwa nyumba ya mamake, kwa hivyo alikuwa anaenda asubuhi anarudi jioni. Siku hizi haendi kabisa."

"Na Walter?"

"Walter ako kwa simba yake ya ujana, ile kibanda ya chumba moja. Bibi, watoto wanne, na mbuzi. Alishakata miti yake ya kujenga zamani. Iko tu hapo chini, inangoja mkubwa wake."

Nilirudi dukani nikamkuta mkubwa mwenyewe kwenye benchi, anaeleza jinsi atakavyoweka vigae bafuni.

Usidhani Absalom alikuwa mlevi au mkatili. Mshahara alikuwa nao, na kila mwaka aliazimia kujenga. Tatizo ni kwamba alikuwa amejijengea jumba kubwa mno mdomoni. Mtu aliyeanza na chumba kimoja cha udongo angeweza kwenda kwao Jumamosi yoyote akachimba mashimo. Lakini mwenye vyumba sita na veranda ataanzaje kukanyaga udongo mbele ya watu? Kila alipoongeza chumba pale kwenye benchi, nyumba ya kweli ilisogea mbali zaidi, na Walter akaendelea kulala na mbuzi.

Mwisho wa mwaka ule kanisa letu lilipata wazo. Zahanati yetu ndogo, kule njia ya kwenda Dunga, haikuwa na wodi ya kujifungulia, na wanawake walizalia kwenye benchi la kungojea dawa. Lilikuwa jambo la kusikitisha kweli, na watu wenye akili wangekaa chini wakachanga. Lakini michezo ya Afrika ilikuwa imetoka tu kuchezwa Nairobi, halafu mwezi wa Disemba timu yetu ya Gor ikaleta kombe la Afrika, na kila mwanamume Kisumu aliyewahi kukimbilia basi alijiona mwanariadha. Joram Obiero, mwenyekiti wa kamati, muuza bima mwenye tumbo na sauti, alisimama mbele ya madhabahu akatangaza kwamba wakati wa Pasaka tutaendesha baiskeli kutoka Kisumu hadi Nairobi, na kila mji tutakaopitia utatufanyia harambee. Watu walipiga makofi. Hakuna aliyeuliza nani kati yetu aliwahi kuendesha baiskeli kupita Ahero.

Wanaume tisa walijitolea. Mimi nikafanywa fundi wa msafara, maana yake nitaziba pancha zao bure kwa utukufu wa Bwana. Absalom alikuwa wa kwanza kuinua mkono, na kwa kuwa baiskeli yake iling'aa kuliko zote, wakamchagua nahodha.

Mazoezi yalikuwa kila Jumamosi, kutoka Kondele mpaka Dunga. Ni mwendo ambao wanawake wa samaki waliutembea kila siku na beseni kichwani bila kuombewa. Wanariadha wetu walifika wamekauka koo, wakaagiza samaki wa ngege na ugali, wakala mpaka mifupa ikabaki mitupu, ndipo wakajadili mbinu za kupanda mlima wa Kericho. Mwalimu mmoja wa chuo kule Maseno alituchorea mlima wenyewe juu ya meza kwa kidole chenye mchuzi. Mchungaji aliombea magoti. Obiero hakuendesha, alikuja na pikapu yake na dereva wake, kwa sababu kila jeshi lina jemadari na jemadari hatoki jasho. Baada ya wiki kadhaa za mazoezi hayo makali, wote walikuwa wamenenepa.

Yule mwalimu wa Maseno ndiye aliyegundua kwamba Nairobi ni mbali kuliko Dunga. Akapendekeza safari ya majaribio, mwendo wa siku nzima, kulala huko, na kurudi kesho yake.

"Tutalala wapi watu wote hawa?" akauliza mchungaji.

Obiero akacheka kwa kicheko chake cha kuuza bima. "Wewe pasta unauliza swali gani? Si nahodha ako na vyumba sita Asembo? Na veranda ya kupumzisha miguu!"

Wote waligeuka kumtazama Absalom. Alikuwa na kipande cha samaki mdomoni, na alikitafuna kwa muda mrefu sana.

"Karibuni," akasema mwishowe. "Karibuni sana."

Kuanzia siku hiyo baiskeli ya nahodha iliandamwa na mapepo. Jumamosi ya kwanza tulipopanga kwenda Asembo, alifika dukani kwangu akiisukuma, gurudumu la nyuma chapati. Safari ikaahirishwa. Jumamosi iliyofuata, gurudumu la mbele. Nilitoa tyubu, nikaitia majini, nikatazama povu linapotokea. Tundu lilikuwa dogo, safi, la mviringo, kama la sindano ya cherehani. Jumamosi nyingine likatokea tundu pacha lake.

"Miiba ya Kondele siku hizi inanolewa na nani?" nikamwuliza.

Absalom aliangalia barabarani. "Mama Bildad, wewe ziba tu."

"Nenda ukamwambie Obiero ukweli. Ni aibu ya siku moja."

"Siku moja?" Alikaa kwenye benchi, na kwa mara ya kwanza hakuongeza chumba. "Kondele hii watanicheka mpaka nistaafu. Na nikifika dala bila kitu, Walter ataniangalia. Unajua vile Walter huangalia mtu? Hasemi kitu. Anaangalia tu."

Nilimwonea huruma, ingawa hasira zilikuwa nyingi kuliko huruma. Nikaziba.

Mapema mwezi wa Machi, Obiero alitangaza kwamba pancha au hakuna pancha, Jumamosi ni Asembo. Asubuhi hiyo Absalom alikuja amejifunika blanketi la reli mpaka puani. Malaria. Alitetemeka vizuri sana, karibu nimwamini. Nadhani alitarajia wenzake waseme pole sana nahodha, rudi kitandani, tutakwenda siku nyingine.

"Malaria?" alisema Obiero. "Basi ni vizuri hata. Mgonjwa apelekwe kwao, mama yake amwangalie. Mpakieni!"

Wakampakia. Waliinua baiskeli yake wakaiweka nyuma ya pikapu, wakamlaza yeye kando yake juu ya magunia, na mimi nikakaa karibu na kichwa chake na pampu yangu, solusheni na viraka. Tulipopita stesheni ya reli alifumba macho, na hakuyafumbua tena.

Kufikia Kisian mambo yalikuwa mazuri. Hapo tunapoachana na barabara ya Busia, Obiero alisimamisha pikapu akapata ufunuo. Mashabiki wa Gor walipokuwa wanasherehekea kombe, si walibeba matawi? Basi na sisi tuwe na shamrashamra, watu wajue tunapita! Wanariadha wakavunja matawi, kila baiskeli ikafungwa tawi kwenye usukani, na pikapu ikafungwa matawi mawili mbele na moja kubwa nyuma, juu ya miguu ya Absalom.

Nitakueleza sasa jambo ambalo mtu yeyote wa upande ule analijua, na ambalo wanaume tisa na mwenyekiti wao walilisahau kwa pamoja. Matawi ni ya shangwe, ndiyo. Lakini ni ya matanga pia. Tofauti yake ni kelele. Mashabiki huimba, hupiga filimbi, huruka. Sisi tulipotoka Kisian tuliimba wimbo mmoja, ubeti mmoja. Kisha barabara ikawa ya vumbi na mawe, jua likapanda, na hakuna mtu aliyebaki na pumzi ya kuimbia. Kwa hiyo tulipita Holo na vijiji vinavyofuata hivi: pikapu mbele, mwendo wa maiti, matawi pande zote, na nyuma yake wanaume wanane wameinamisha vichwa, kimya kabisa, nyuso zimekunjamana kwa uchungu. Niliona watu wakiacha majembe na kusimama. Wanaume walivua kofia. Nikasema moyoni, kweli watu wa huku wana adabu.

Absalom, ambaye angetuambia, alikuwa na shughuli ya kulala. Vumbi lilipozidi akavuta blanketi likamfunika kichwa chote. Zikabaki soksi zake mbili, zimetazama juu.

Tulipofika Ndori, magurudumu matatu yalikuwa hayana upepo na mnyororo wa mwalimu ulikuwa umekatika. Wanariadha walijitupa kwenye kivuli cha duka wakaitisha soda. Obiero aliitisha mbili. Mimi nilishuka, nikatandaza vifaa vyangu, na kwa kuwa nahodha hakuwa tayari kuamka hata nilipomfinya, nikamwuliza mama mmoja aliyekuwa akiuza samaki wa kukaanga.

"Mama, nyumbani kwa akina Absalom ni njia gani? Yule wa reli Kisumu."

"Absalom wuod Dorca, mtoto wa Dorca?"

"Huyo huyo. Tuko naye hapa."

Alisogea akachungulia ndani ya pikapu. Aliona blanketi, aliona matawi, aliona soksi. Akaweka mkono mdomoni.

"Ilikuwa nini?"

"Malaria," nikasema, huku nikitafuta kiraka. "Imemshika asubuhi tu."

"Asubuhi tu! Mos, nyathina. Pole sana, mtoto wangu."

Alinishika bega kwa upole ulionishangaza, akanionyesha njia kwa kidole, halafu akaondoka upesi na kuacha samaki wake pale pale. Nilifikiri amekwenda kutafuta chenji. Habari nayo ilipanda baiskeli ya mtu anayejua kuendesha, ikatutangulia.

Sisi tulikaa. Kuziba pancha tatu, kuunga mnyororo, kumaliza soda, na kumngojea mchungaji aliyekuwa amesinzia kulikula sehemu nzuri ya mchana. Tulipoondoka, kivuli kilikuwa kimeanza kurefuka.

Tulianza kuwasikia kabla ya kuona boma. Ilikuwa nduru, ile sauti ya wanawake wengi wanaolia kwa pamoja, inapanda na kushuka. Halafu tukaona watu. Walijaa njiani, walijaa getini, na wengine walikuwa wakikimbia kutujia wameinua matawi kama yetu. Obiero, mbele kwenye pikapu, alimwambia dereva apunguze mwendo zaidi. Akafunga kifungo cha koti, akatoa nusu ya mwili dirishani, akapunga mkono.

"Mapokezi!" akatuambia. "Mmeona? Hii ndio watu inajua maendeleo!"

Mzee mmoja mwenye fimbo alisimama mbele ya pikapu akatandaza mikono. "Mngoje hapo. Msiingie. Nyumba yake haijasimama."

"Nyumba ya nani, jaduong'?" akauliza Obiero, bado anatabasamu.

"Ya Absalom. Vijana wamefika kwa kuta. Kidogo tu itaisha, ndio mumwingize."

"Lakini Absalom ako na nyumba. Matofali, vyumba sita. Veranda!"

Yule mzee alimwangalia Obiero kwa makini, akitafuta kama ni mlevi au ni mgeni tu.

"Absalom?" akasema. "Huyu wa Dorca? Nyumba? Mgeni, huyu mtoto hajawahi simamisha hata choo."

Lo! Wanaume wanane juu ya baiskeli walisikia. Mwalimu wa Maseno alisikia, mchungaji alisikia. Mimi nilikuwa nimeshaelewa kila kitu. Niliinama nikamtikisa yule aliyelala kando yangu. Sasa alikuwa anatetemeka kikweli.

"Absalom! Amka, wanakulilia!"

Sauti yake ilitoka chini ya blanketi, ndogo kama ya mtoto. "Mama Bildad, tafadhali. Wacha nikufe kidogo tu."

Nilitazama juu ya ukingo wa pikapu. Ndani ya boma, kushoto kwa nyumba ya mama yake, wanaume kama kumi walikuwa wakifanya kazi bila kuongea. Miti ilikuwa imesimama, fito zimefungwa kote kote, na wengine walikuwa wameanza kupiga udongo. Aliyeongoza alikuwa mwanamume mrefu, mwembamba, udongo mpaka magotini. Alikuwa na uso wa Absalom, ila hakuwa na kalamu. Alichimba, akapangusa machozi kwa kiwiko, akachimba tena. Walter.

Kisha umati ukafunguka, akaja mama yao. Dorca alikuwa mzee mdogo wa mwili, kitambaa kimemtoka kichwani. Kijaluo changu ni cha sokoni, lakini kilio hakina maneno magumu. Alikuwa akisema, mwanangu, nilikuambia jenga hata jiko. Nilikuambia jenga ya nyasi, nyasi iko. Mwanangu, umengojea nini nje ya geti kama mgeni? Nilikuzaa ndani, kwa nini unasimama nje? Alipanda ile pikapu mwenyewe, sijui kwa nguvu gani, akapiga magoti juu ya magunia, akaweka kiganja juu ya blanketi mahali kilipo kichwa. Nililia na mimi, nikijua kabisa kwamba maiti anapumua.

Absalom akaketi.

Sijawahi kuona boma likibaki tupu kwa upesi namna ile. Wanawake walikimbilia migombani, vijana waliruka ua. Mchungaji wetu, ambaye kila Pasaka alituhubiria ufufuo, ndiye aliyefika kichakani wa kwanza. Obiero alipandisha kioo cha dirisha.

Waliobaki ni wanne: mimi, kwa sababu Dorca alikuwa ameniziba njia ya kushuka, yule mzee wa fimbo, Walter, na Dorca, ambaye hakurudi nyuma hata inchi moja. Alimtazama mwanawe. Alimpapasa uso, masikio, mabega. Halafu alifungua leso kiunoni, akaikunja, akaanza kumchapa nayo. Alimchapa mpaka akachoka, na Absalom hakuinua mkono kujikinga.

"Nimekulilia leo," akamwambia, pumzi zikimpaa. "Nimemaliza machozi yako yote. Siku utakufa kweli, utajililia mwenyewe."

Walter alikuja akasimama kando ya pikapu, jembe mkononi. Nilitarajia amwangalie bila kusema kitu, kama nilivyoambiwa. Lakini siku hiyo alisema.

"Unaona hiyo miti?"

Absalom aliiona. Nadhani aliijua hata kabla ya kuulizwa. Ilikuwa imekauka vizuri, rangi ya kijivu, miti ya mtu aliyechagua kwa ajili ya nyumba yake mwenyewe.

"Nilikata mwaka ile Anyango wangu alizaliwa," alisema Walter. "Saa hii Anyango ako darasa la tano. Leo wamekuja wakaniambia umekufa, nikawaambia chukueni yote, ndugu yangu asilale nje. Nimekulilia, Absalom. Na hapa ndani," akajigonga kifuani, "hapa ndani kulikuwa na kitu ingine ilikuwa inafurahi. Ilikuwa inasema, sasa nitajenga. Umenifanya nifurahie kifo ya ndugu yangu. Hiyo ndio ulikuwa unataka?"

Absalom hakuwa na chumba cha kuongeza. Alishuka kutoka kwenye pikapu na soksi zake, akatembea mpaka pale kwenye mashimo, na kila mtu aliyekuwa amejificha alianza kuchungulia. Yule mzee wa fimbo alizunguka ile nyumba mara moja, akaigonga gonga, akasema kwamba nyumba iliyosimamishwa haibomolewi, hata kama mwenyewe amekataa kufa. Lakini mti wa mlango ulikuwa haujawekwa, na huo atauweka yeye mwenye nyumba. Absalom akachukua jembe kutoka mkononi mwa Walter. Alichimba vibaya sana, kama karani. Walter alimwacha ahangaike kwa muda, halafu akapiga magoti upande wa pili akaanza kutoa udongo kwa mikono.

Usiku ule tulikula kuku wa matanga ya Absalom, na marehemu mwenyewe alikula paja. Wanariadha walilala kwenye nyasi zilizoletwa za kuezekea. Hakuna aliyeulizia veranda.

Pasaka ilipofika, msafara wa Nairobi uliondoka Kisumu kwa hotuba na bendi ya kanisa. Nilikuwa nao. Walifika Kericho kwa kusukuma, wakaingia Nakuru ndani ya lori la majani chai, na huko wakafanya harambee, wakasema imetosha, Nairobi iko tu pale pale. Wodi ilikuja kujengwa baada ya miaka michache, na juu ya mlango kuna jina la Joram Obiero, kwa kumbukumbu ya jasho lake.

Nahodha hakuwa nasi. Tangu siku ile, kila Jumamosi alipotoka kazini alipita dukani kwangu, akatia upepo, akafunga kwenye keria misumari, bawaba au karatasi mbili za mabati, akaenda Asembo kwa baiskeli. Aende na arudi, wiki baada ya wiki, pancha za kweli, za miiba ya kweli. Ndiye mtu pekee katika kikundi kile aliyefanya mazoezi. Angeweza kufika Nairobi na kurudi, lakini wikendi ya Pasaka alikuwa kwao anachimba mashimo ya nyumba ya pili.

Kondele walimcheka, kama alivyoogopa. Walimcheka kwa mwaka mzima na zaidi, wakimwita Lazaro, na yeye aliendelea kukaa kwenye benchi langu akinywa chai. Mara moja mteja mgeni, aliyesikia zile hadithi za zamani, alimwuliza kwa kejeli nyumba yake siku hizi ina vyumba vingapi.

"Viwili," akajibu Absalom. "Ya udongo."

Halafu akaweka kikombe chini, akajinyoosha, na ile sauti yake ya zamani ikarudi yote.

"Lakini ya ndugu yangu Walter iko na tatu, na mabati. Wewe enda uone. Enda tu uone!"